Kila tukihama na Coaster yetu tunafika hatusemezani

BARUA

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 54, fundi cherehani. Mume wangu alistaafu udereva wa malori mwaka juzi. Watoto wanajitegemea, nyumba tumeipangisha, na kiinua mgongo chake tumenunua Coaster ya mtumba, tukang'oa viti na kuweka kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na meza ya cherehani yangu. Tunakaa wiki mbili tatu kila mahali: uwanja wa gesti Tabora, eneo la kanisa Urambo, kwa jamaa zetu Kaliua, na sasa ufukweni hapa Kigoma. Tukishatulia hatuna neno, kazi napata na mzee anavua migebuka yake. Tatizo ni siku ya kuhama.

Mara ya mwisho tulitoka Tabora kuja Kigoma kwa siku moja. Tulipanga kuondoka saa 12 asubuhi, gari likagoma. Starta inalia "tak" moja, basi. Wakati tunatafuta gari la kutuungia waya, majirani wakafika kuaga, huyu na dumu la asali, yule na karanga. Tukatoka saa 4. Kwenye tuta la kwanza Urambo kabati likafunguka, chupa ya mafuta ya kula ikamwagikia kitambaa cha mteja na kichwa cha cherehani kikaanguka. Tulipopita Kaliua nikasikia harufu ya gesi. Mzee akasema jiko amelifunga. Tuliposimama tukakuta mpira umechomoka nusu kwenye regulata na mtungi uko wazi. Kigoma tukaingia saa 3 usiku. Nikashuka kumwelekeza akirudi nyuma, nikipiga kelele hasikii, matairi ya nyuma yakazama mchangani. Asubuhi ndipo tulipogundua kuwa mpira wa maji na kabari za matairi vimebaki Tabora.

Yeye anasema friji ndiyo inayokula betri, iuzwe. Friji ni ya volti 12, fundi aliiunga pamoja na taa kwenye betri moja kati ya mbili za gari. Nikimwambia tuandike orodha ya mambo ya kukagua, anajibu kuwa ameendesha malori miaka 27 bila kusomeshwa karatasi kama mtoto wa shule. Siku tatu hatukusemezana. Mwezi ujao tunarudi Tabora. Tuipangeje siku hiyo? Na friji niiuze?

Mama Neema, Kigoma

JIBU

Mama Neema, poleni kwa safari ile.

Mzee anasema ameendesha miaka 27 bila orodha, na anasema kweli. Ila kuna mtu amemsahau. Lori huwa na utingo. Dereva anapokunywa chai, utingo ndiye anayegonga matairi, anayevuta kamba za turubai kuona kama zimelegea, anayeinua kabari na kuitupa ndani, anayesimama nyuma na kupiga bodi makofi mawili gari lirudi. Kazi hiyo ilifanyika kila siku bila kelele, na mtu aliyelipwa kuifanya. Kwenye Coaster yenu utingo hayupo, na kazi yake hamkugawana. Mzee anadhani unaifanya wewe kwa kuwa ni vitu vya nyumbani. Wewe unadhani ni yake kwa kuwa ni mambo ya gari. Mtungi wa gesi, kabari na mpira wa maji vyote viliangukia hapo katikati, pasipo na mwenyewe.

Mwambie hivyo hivyo, kwa neno la utingo. Atalielewa upesi kuliko neno orodha.

Sasa friji, kwa kuwa ndiyo iliyowachelewesha, na kuchelewa ndiko kulikozaa usiku, mchanga na kelele. Usiiuze. Kosa ni pale ilipoungwa. Coaster nyingi za dizeli za mtumba kutoka Japani hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, na maelezo yako yanaonyesha yenu ni ya hivyo. Ukichota volti 12 kwenye betri moja tu, hiyo inashuka na mwenzake anabaki amejaa. Asubuhi starta inazitaka zote mbili kwa pamoja, inakuta moja nzima na nyingine hoi. Ndiyo ile "tak". Na gari likishawaka mambo hayatengemai, yanazidi kuharibika. Altaneta, yaani kile kinachochaji betri injini ikizunguka, inaangalia jumla tu, kama volti 28. Betri iliyochoka inapokea pungufu, tuseme 13, na ile iliyojaa inasukumiwa 15 mpaka maji yake yanachemka. Moja inakufa kwa njaa, nyingine kwa kuvimbiwa. Mkinunua betri mpya bila kubadilisha waya, nazo zitakwenda njia hiyo hiyo.

Mnaweza kulithibitisha kwa mita ya umeme ya bei ndogo. Asubuhi kabla ya kuwasha chochote, pimeni kila betri peke yake. Iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au 12.7, ya nusu husoma 12.2 hivi, na chini ya 12 ni tupu. Moja ikisoma 11.8 na mwenzake 12.8, shauri limekwisha.

Leo hii toeni waya wa friji na taa kwenye betri ya gari. Mkipata fedha, nunueni betri ya tatu ya volti 12 kwa ajili ya nyumba tu, ile inayotengenezwa kwa umeme wa jua, maana betri ya starta haikuundwa kunyonywa polepole usiku kucha. Friji ndogo ya kompresa hula kama ampea 4 inapozunguka, na kwa joto la Kigoma inaweza kuzunguka nusu ya siku nzima, kwa hiyo ni ampea-saa 45 au 50 kwa saa 24. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 haipendi kushushwa zaidi ya nusu. Mtaona kuwa inatosha siku moja bila akiba, ndiyo maana paneli ya wati 200 juu ya paa inahitajika, pamoja na kidhibiti chaji chake. Mkitaka pia ichajiwe gari linapotembea, ombeni chaja ya kutoka volti 24 kwenda 12 iliyotengenezwa kuchajia betri. Kile kishushio cha volti cha redio hakitoshi. Fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 20 au 30 kutoka kwenye nguzo yake, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na kitu. Kikichubuka na kugusa bodi, kinawaka. Waya wa milimita za mraba 4 unatosha friji iliyo mita 5 kutoka kwenye betri.

Fedha ikiwa bado, siku ya kuhama igeuzeni friji kuwa kasha la barafu. Gandisheni chupa za maji za lita 1.5 siku mbili kabla kwa jirani mwenye friza, zipangeni juu ya samaki, kwa kuwa baridi hushuka, kisha msiifungue mpaka mfike. Inafika jioni bila umeme.

Gesi. Hapa sitapunguza maneno, kwa sababu hilo ndilo lililotaka kuwaua. Kufunga jiko si kufunga gesi. Mzee alifunga vitufe vya jiko, lakini mtungi ukaendelea kusukuma gesi ndani ya mpira kilomita zaidi ya mia. Gari likitikisika kwenye matuta, klempu inalegea, mpira unatambaa kidogo kidogo mpaka unachomoka. Kinachofungwa siku ya safari ni mtungi wenyewe, pale juu, kisha mnawasha jiko na kuliacha liunguze gesi iliyobaki ndani ya mpira mpaka lizime lenyewe. Ndipo mnafunga vitufe. Kama regulata yenu ni ya kubofya, ichomoeni kabisa na kuweka kifuniko cha mtungi.

Mtungi, uwe wa kilo 6 au wa kilo 15, usimame wima, ufungwe mikanda miwili, mmoja chini na mmoja juu, ndani ya kasha lenye tundu sakafuni linalotokea nje ya gari. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi kwenda dirishani, inashuka na kulala sakafuni kama maji, chini ya kitanda, kwenye shimo la ngazi ya mlango. Ndiyo maana mtu aliyekaa kwenye usukani anaweza asisikie kitu na wewe uliyeinama kuokota karanga ukaisikia. Ukiisikia tena usibishane naye: sema "simama", gari lisimame na kuzimwa, mfunge mtungi, mfungue mlango na madirisha yote, na msiguse swichi nyingine yoyote, hata ya kuzima taa, kwa kuwa swichi hutoa cheche inapozimwa pia. Kama friji inazunguka, iacheni izunguke, tokeni nje kwanza. Kisha chukua kanga, pepea sakafuni kuelekea mlangoni kama unayefagia maji. Ngazi ya Coaster iko chini kuliko sakafu, kwa hiyo gesi itamwagikia huko yenyewe ukiisukuma. Robo saa hivi, bila kuharakisha.

Kabla ya safari ya mwezi ujao badilisheni mpira ule. Uliochomoka umeshapanuka mdomo. Mkishafunga klempu mpya, pakeni povu la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kila kiungo, fungueni mtungi, mtazame. Povu likivimba na kutoa mapovu mapya, kaza au badilisha. Kiberiti si kipimo.

Baada ya hapo, siku yenyewe. Ianzeni jana yake, na ianze kwa kuagana. Watu wetu hawakuachi uondoke hivi hivi, na haifai wakuache, ila mtu anayekushika mkono na kukuombea safari njema saa 12 asubuhi ndiye anayekusahaulisha kabari. Umeanza kukunja mpira wa maji, umeitwa, umepokea dumu, umecheka, umerudi na kupanda garini. Mpira uko palepale kwenye bomba. Tangazeni kuwa mnaondoka siku moja kabla ya siku halisi, au waiteni watu alasiri ile kwa chai. Zawadi zikija mnapata usiku wa kuzipanga. Mkitoka Kigoma mtaletewa mawese, nayo dumu la lita 20 ni kama kilo 18 zinazoteleza. Likiachwa katikati ya gari, kwenye breki ya ghafla linakuja mbele kwa dereva. Lilazwe sakafuni, kifuniko kikiwa kimefungwa na mfuko wa nailoni chini yake, lisukumwe ubavu wa kitanda na kufungwa.

Jioni hiyo hiyo pangeni ndani. Vizito vyote viwe chini na karibu na katikati ya magurudumu: unga, madumu, betri, kichwa cha cherehani. Kichwa kitolewe kwenye meza, kifungwe blanketi na kulazwa sakafuni. Bawaba mbili za meza haziwezi kukishikilia kwenye matuta. Makabati ya juu yabaki na nguo na vyombo vya plastiki tu. Kabati lenu lilifunguka, nadhani, kwa sababu lina kishikizo cha sumaku. Sumaku ni ya nyumba isiyotembea. Wekeni komeo ndogo za kusukuma, au kata mistari ya tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, uvutie kutoka mpini mmoja hadi mwingine. Tyubu inanata, haitelezi kama kamba ya manila. Chupa za mafuta na siki ziwe ndani ya ndoo yenye kitambaa kati yake.

Maji nayo ni mzigo. Lita moja ni kilo moja, na tangi la lita 150 lililo nusu huyumbisha gari kwenye kona kuliko lililojaa. Bakizeni lita 30 au 40 za kunywa na kunawa kwenye madumu, tangi limwagwe. Kaliua na Tabora maji yapo. Choo cha kubeba, kama mnacho, kimwagwe jioni hiyo kwenye choo cha shimo au cha kuvuta, kamwe si ziwani, na kirudishiwe maji kidogo ili kisinuke njiani.

Jambo moja ambalo wanaoishi garini hulisahau ni kioo cha mbele, kwa ndani. Mnapika humo. Mvuke wa mafuta unaganda kwenye kioo, mchana hauonekani, jua likikupiga usoni kioo chote kinakuwa cheupe. Na barabara yenu inakwenda mashariki na magharibi: mkitoka Kigoma asubuhi jua liko machoni, kama lilivyokuwa machoni mlipokuja jioni. Osheni kwa maji ya sabuni ya vyombo, kausheni kwa gazeti.

Asubuhi gawaneni: mmoja ndani, mmoja nje. Nyote wawili msigombanie mlango mmoja. Wewe ndani: mtungi, makabati, friji, madirisha, kila kilicho juu ya meza. Yeye nje: oili, maji ya rejeta ikiwa bado baridi, feni belti, matairi, waya na mipira, ngazi, na kabari mwishoni kabisa, baada ya injini kuwaka na breki ya mkono kukazwa. Matairi yapimwe yakiwa baridi kwa kipimo cha upepo. Mazoea ya malori ya kupiga teke hayatambui tairi la ndani la nyuma lililopungua. Likipungua, mwenzake wa nje anabeba mzigo wote peke yake, anapata moto, na anaweza kupasuka, ilhali mwenye kosa yuko ndani haonekani. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mchana ukipima utakuta kimepanda. Usipunguze, ni joto tu.

Kisha badilishaneni. Yeye aingie ndani aguse mtungi, wewe uzunguke nje uone kabari ziko wapi. Nasema aguse. Swali la "umefunga?" liondoke kabisa kwenye ndoa yenu kwa siku hiyo, maana kila anayeulizwa hujibu ndiyo, na anayeuliza huonekana anamdharau mwenzake. Mkono ukishika kifungio cha mtungi na kukizungusha hadi kigome, hakuna aliyeulizwa na hakuna aliyejibu. Kabari nazo zipakwe rangi nyekundu na zifungwe kamba ambayo mwisho wake unaning'inizwa kwenye usukani mnapokuwa mmeegesha. Hawezi kukata kona ya kwanza bila kuikumbuka. Mpira wa maji uufunge pamoja nayo.

Sasa mwendo. Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400. Coaster iliyojaa nyumba hupita tani 3.5, kwa hiyo kikomo chenu nje ya makazi ni kilomita 80 kwa saa, ndani ya makazi 50, na mkikuta mizani mnaingia. Ukichanganya matuta, ng'ombe na kusimama kula, wastani wa kweli ni 45 hadi 50. Ni safari ya saa tisa isipokuwepo tatizo, na tatizo huwa lipo. Msiifanye kwa siku moja tena. Laleni Kaliua kwa jamaa zenu. Kigoma hadi Kaliua ni kama kilomita 295. Mkitoka saa 1 asubuhi, kukipambazuka vizuri, mnafika kabla ya saa 9 alasiri, na kesho yake kilomita 125 za Tabora ni kazi ya kabla ya chakula cha mchana. Jioni ya kuaga, mwulizeni dereva wa basi hali ya kipande cha kati ya Uvinza na Malagarasi, hasa kama mvua imeanza. Mwezi wa Novemba unabadilisha mambo.

Kutoka ziwani mnapanda. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora iko karibu 1,200, na sehemu kubwa ya kibarua hicho injini inakifanya mwanzoni, kwenye vilima vya kutoka Kigoma, ikiwa imebeba mawese. Mzee aangalie mshale wa joto na ashuke gia mapema. Ukipanda, asimame pembeni injini ikinguruma taratibu, asifungue rejeta. Simameni Uvinza dakika 20: kupoza, kugusa vitovu vya magurudumu kwa kiganja (kimoja kikiwa cha moto sana kuliko vingine, breki imeshika au beringi inakwisha), na kununua chumvi, kwa kuwa huko Uvinza ndiko inakopatikana.

Baada ya Uvinza, kuvuka Daraja la Kikwete pale Malagarasi na kuendelea, ni nchi ya maji na misitu ya miombo, na ni nchi ya mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi nyeusi na bluu iliyoiva. Gari likipunguza mwendo wanajaa. Fungeni madirisha mnapopita polepole, vaeni nguo za rangi hafifu, na kusimama kuwe kwenye vijiji tu, kamwe si porini kwa ajili ya kivuli kizuri. Pazia la bluu la dirisha la nyuma, kama mnalo, libadilishwe. Cherehani unayo, haitakugharimu kitu.

Njiani wewe ukae kiti cha mbele na mkanda, si kitandani wala jikoni. Chai iwe kwenye chupa tangu asubuhi.

Kufika. Jua la Kigoma huzama karibu saa 1 usiku, na Tabora dakika kama kumi kabla. Wekeni mwisho wa kuegesha uwe saa 11 jioni. Ikifika saa 10 hamjafika mnakokwenda, tafuteni gesti yenye uwanja, muombe kulala ndani ya geti. Mkifika mahali, gari lisimame nje kwanza, mshuke wote wawili, mtembee kwa miguu hadi pale mnapotaka kuegesha. Kanyaga kwa kisigino. Kikizama zaidi ya unene wa kidole, Coaster yenye matairi mawili mawili nyuma haiingii hapo. Ufukweni hapa kaeni mbali na maji kuliko macho yanavyowashauri, juu ya udongo wenye majani. Ziwa hili limepanda miaka ya karibuni na mchanga ulio karibu nalo una maji chini yake hata ukionekana mkavu. Pua ielekee njia ya kutokea. Mlango uwe upande usiopigwa na upepo wa kusi, la sivyo jiko halitawaka wala kitambaa hakitalala mezani.

Kurudi nyuma kunavunja ndoa nyingi kuliko betri. Sauti haifai: injini ya dizeli iko karibu na masikio yake na wewe uko mita saba nyuma. Tumieni mikono, ishara nne tu. Viganja vikivuta kuelekea kwako, arudi. Mkono mmoja ukinyoshwa kando, mkia wa gari uende upande huo. Viganja viwili vikikaribiana, nafasi iliyobaki ndiyo hiyo. Ngumi juu, simama. Usukani uko kulia, kwa hiyo simama nyuma upande wa kulia, mahali unapouona uso wake kwenye kioo cha pembeni. Usipouona, naye hakuoni. Na sharti moja lisilo na mjadala: asipokuona anasimama papo hapo, hata kama njia anaijua. Sharti hilo mpe yeye alitangaze, ni la madereva.

Mkizama tena, asikanyage mafuta. Gurudumu likizunguka mahali pamoja linachimba kaburi lake. Chimbeni mbele ya matairi ya nyuma kwa jembe, mtengeneze mteremko wa kama hatua moja, wekeni mabanzi au mikeka ya zamani, punguzeni upepo wa matairi hadi kama psi 40 ikiwa ni 7.00R16 na mna pampu ya kuurudisha, gia ya pili, polepole. Bila pampu msipunguze, maana mtatoka mchangani mkaue matairi barabarani. Mkishaegesha, weka pima maji juu ya sakafu ya jiko. Kiputo kikiwa kimekaa kando, pandisheni tairi la chini juu ya ubao wa sentimita 3 au 4. Kisha kabari, breki ya mkono, ndipo mtungi ufunguliwe. Nusu saa hiyo ya kwanza asiongee mtu habari za njiani.

Cherehani iliyoanguka usiishonee bado kazi ya mtu. Toa sindano, zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko kumi ukisikiliza. Kukiwa na mahali panapogoma au kugonga, mpelekee fundi. Ikizunguka laini, weka sindano mpya, iteremshe kwa mkono uone kama inaingia katikati ya tundu la kibati. Ikigusa ukingo, mhimili umepinda. Na kile kitambaa cha mteja, kama hujakipiga pasi bado kuna tumaini: paka sabuni ya maji ya vyombo kwenye doa kavu bila kulilowesha, isugue kwa kidole, iache nusu saa, suuza kwa maji ya uvuguvugu, anika uone. Doa likiwepo rudia. Pasi ikishapita juu yake, mnunulie kingine.